Kwa nini kifafa kimezidi Mahenge? Utafiti wa ubongo unaoanzia mtoni

Mwaka 2013 jarida la kitabibu la Lancet Neurology lilichapisha hesabu iliyochukua miaka kukusanywa. Watafiti na wasaidizi wao walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba katika maeneo matano ya Afrika: Kilifi (Kenya), Iganga na Mayuge (Uganda), Ifakara (Tanzania), Kintampo (Ghana) na Agincourt (Afrika Kusini). Kwa jumla maeneo hayo yalikuwa na wakazi zaidi ya 580,000. Kilichotafutwa ni kimoja tu: mtu mwenye kifafa cha kuanguka na kutetemeka ambacho bado kinamsumbua. Agincourt walipatikana 7 katika kila watu 1,000. Kilifi karibu 8. Iganga na Kintampo 10 na ushee. Ifakara walikaribia 15.

Kama kifafa kingekuwa suala la ukoo na bahati mbaya peke yake, pengo la namna hiyo kati ya Kilifi na Ifakara lingekuwa gumu kulieleza. Ndiyo maana watafiti wa vyuo vikuu wameacha kuuliza tu "kwa nini huyu" na wakaanza kuuliza "kwa nini hapa". Swali la kwanza tunalijua linakoishia: kwa mganga, kwenye laana ya babu, kwa jirani mwenye husuda. La pili limewapeleka watu mtoni, chooni na kwenye chumba cha kujifungulia, na huko wamekuta mambo ambayo yanaweza kurekebishwa.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme hafifu, kila kundi kwa wakati wake. Kundi kubwa likifyatuka kwa pamoja bila mpangilio, mwili hupokea amri zisizo na maana: mkono unarushwa, meno yanabana, fahamu zinapotea. Kuanguka mara moja hakutoshi kumwita mtu mgonjwa wa kifafa. Jina hilo hutolewa pale hali hiyo inapojirudia pasipo sababu ya papo hapo, mfano homa kali au sukari kushuka. Tena si wote wanaoanguka. Wapo wanaokodoa macho kwa sekunde chache, wakanyamaza, kisha wakaendelea na sentensi waliyoiacha; shuleni mtoto wa namna hii huchapwa kwa kutosikiliza. Hawa hawamo katika hesabu ya 2013, kwa sababu huwezi kusimama mlangoni na kumwuliza mama habari za kitu ambacho yeye mwenyewe hajakiona kuwa ni ugonjwa. Kwa hiyo takwimu zile, kubwa kama zilivyo, ni za upande unaoonekana.

Kliniki ya mlimani

Mahenge ni mji mdogo wa milimani katika Wilaya ya Ulanga, mkoani Morogoro, ng'ambo ya mto Kilombero ukitokea Ifakara. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Mnorwe, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa huko. Aliwakuta wagonjwa wengi miongoni mwa Wapogoro wakiishi pembeni, na vyombo vyao vya kulia mbali na vya wengine. Iliaminika kwamba mate, mkojo, kinyesi na hata hewa inayomtoka mgonjwa huambukiza. Aliyeangukia motoni angeweza kuachwa humo mpaka azinduke mwenyewe, na makovu ya moto yakawa alama ya ugonjwa kabla ya kipimo chochote.

Imani hiyo haijafa, na si ya Mahenge peke yake. Mtu akianguka stendi leo, utaona duara la watu likirudi nyuma, halafu anatokea shujaa mmoja na kijiko cha kumtia mdomoni. Kijiko huvunja meno, basi. Kinachotakiwa ni kuondoa vitu vya kumuumiza, kumlaza ubavu, kutazama saa, na kumkimbiza hospitali ikiwa dakika tano zimepita bila kutulia.

Jilek-Aall aliona na kitu kingine, na hiki ndicho kilichokuja kuwashughulisha wanasayansi nusu karne baadaye. Baadhi ya watoto waliokuwa wazima kabisa walianza kuinamisha kichwa mbele, tena na tena, kila baada ya sekunde chache, kama wanaosinzia. Hali hii huanza zaidi kati ya umri wa miaka 5 na 15. Mara nyingi huamshwa na chakula: sahani ikiwekwa mbele, kichwa kinaanza. Baridi ya alfajiri nayo huweza kuiamsha. Kipimo cha umeme wa ubongo kimekuja kuonyesha kwamba si usingizi, ni kifafa cha aina yake: misuli ya shingo inapoteza nguvu kwa kitambo kidogo, kichwa kinashuka. Wengi huja kupata na maanguko ya kawaida. Masomo yanawashinda, na wengine wanadumaa kimo.

Kwa muda mrefu jambo hili lilibaki katika makala chache za kitaalamu. Lilipojitokeza kwa wingi Sudan Kusini, kisha kaskazini mwa Uganda katika wilaya kama Kitgum na Pader, dunia ilishtuka na kuupa jina la ugonjwa wa kutikisa kichwa. Familia nyingi huko Uganda zilikuwa zimetoka kwenye kambi za wakimbizi wa ndani wakati wa vita. Dhana zikamiminika: kemikali za silaha, chakula cha msaada kilichoota kuvu, surua, upungufu wa vitamini. Kila moja ilichunguzwa. Moja tu iliendelea kurudi kila mahali ugonjwa ulipotokea: vijiji vile vilikuwa kando ya mito yenye maji ya kasi, na watu wake walikuwa na usubi.

Mnyoo usioingia kichwani

Usubi tunaujua kwa upofu. Nzi weusi wadogo huzaliana kwenye maporomoko na maji yaendayo kasi, kwa kuwa funza wao huhitaji maji yenye hewa nyingi. Huuma mchana, kwa hiyo chandarua hakikusaidii. Wakiuma huacha mabuu ya mnyoo aitwaye Onchocerca volvulus. Mnyoo mkubwa hukaa chini ya ngozi, kwenye vinundu, kwa miaka 10 hadi 15, akizaa vijinyoo vingi visivyoonekana kwa macho ambavyo husambaa ngozini na machoni. Ndivyo vinavyoleta muwasho usiokwisha na upofu.

Kwamba mnyoo huyu anahusiana na kifafa si wazo la jana. Daktari mmoja wa Meksiko, Casis Sacre, aliandika juu yake mwaka 1938. Uganda, mwaka 1950, Raper na Ladkin walieleza watoto wa maeneo ya msitu wa Mabira waliodumaa, na baadhi yao wakiwa na kifafa, hali iliyopewa jina la Nakalanga. Lakini kutoka "vinakaa pamoja" hadi "hiki kinasababisha kile" ni safari ndefu, na hapa ndipo msomaji wa habari za afya hupotezwa mara nyingi. Kijiji cha kando ya mto, mbali na barabara, kina nzi. Kina pia malaria nyingi, zahanati iko mbali, mama anajifungulia nyumbani, mtoto ana lishe duni. Ukikuta kifafa hapo, utamkamata nani?

Watafiti wa Kitanzania kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Antwerp cha Ubelgiji, walirudi Mahenge wakati dawa ya usubi ilikuwa imegawiwa kwa miaka 20. Walilinganisha vijiji vya mashambani, Mdindo na Msogezi, na maeneo yaliyo karibu na mji, Vigoi na Matumbala. Mashambani walikuta kifafa kwa asilimia 3.5 ya watu. Karibu na mji, asilimia 1.5. Umbali kati ya sehemu hizo si mkubwa na wakazi ni walewale. Tofauti mojawapo kubwa ilikuwa kiasi cha usubi. Ni ushahidi mzuri, ila bado haujibu nani alitangulia: mnyoo au kifafa. Mtoto mwenye kifafa huenda anabaki nyumbani karibu na mto wakati wenzake wako shuleni, akaumwa na nzi zaidi.

Jibu la hilo lilitoka Kameruni, na kwangu ndilo pigo la ustadi katika kisa hiki chote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watoto wa bonde la Mbam walikuwa wamepimwa ngozi kwa ajili ya utafiti mwingine kabisa, na idadi ya vijinyoo vya kila mmoja ikaandikwa. Karatasi zikakaa. Mwaka 2017 timu ya watafiti wa Kifaransa na Kikameruni iliwatafuta watu haohao, sasa wakiwa watu wazima, ikauliza nani alipata kifafa baada ya kile kipimo. Waliokuwa na vijinyoo vichache utotoni walipata kifafa kidogo. Kadiri vijinyoo vilivyokuwa vingi, ndivyo kifafa kilivyozidi, na kwa watoto waliokuwa na mzigo mkubwa kabisa hatari ilikuwa zaidi ya mara 20 ya wale wasio na vijinyoo. Mnyoo alitangulia, na kipimo chake kilipanda pamoja na madhara.

Bado kuna fundo. Wataalamu wametafuta mnyoo huyu kwenye maji ya uti wa mgongo na kwenye ubongo wa waliofariki, hawakumkuta. Anaudhuruje ubongo bila kuingia? Mwaka 2017 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walitoa pendekezo lililosisimua wengi: kinga ya mwili, ikipambana na mnyoo, hutengeneza askari wanaoshambulia pia protini ya mwili yenyewe iitwayo leiomodini-1, iliyomo hata katika seli za ubongo. Ilikuwa hadithi nzuri sana, na magazeti yaliipokea kama jibu. Lakini askari hao hawakupatikana kwa wagonjwa wote, na uchunguzi uliofuata sehemu nyingine haukuuthibitisha mchango wao. Uvimbe kwenye ubongo umeonekana. Kinachouanzisha bado kinabishaniwa.

Ubishi huo haujawazuia watu kuchukua hatua, na ni vizuri hivyo. Ivermectini, ambayo kampuni ya Merck iliahidi mwaka 1987 kuitoa bure kwa ajili ya usubi, huua vijinyoo ila haimwui mnyoo mkubwa. Mgawa dawa wa kijiji hana mizani. Anakuja na fimbo yenye alama, mtu anasimama kando yake: sentimita 90 hadi 119 kidonge kimoja, 120 hadi 140 viwili, 141 hadi 158 vitatu, zaidi ya hapo vinne. Asiyefika 90 hapewi, na mjamzito hapewi. Utaona mwenyewe tatizo. Mtoto mdogo kabisa anaachwa na vijinyoo vyake mpaka arefuke, na dawa ikitolewa mara moja kwa mwaka, mnyoo mkubwa ana miezi ya kujaza ngozi upya. Mtu akikosa zamu mbili tatu kwa kuwa alikuwa shambani, ni kama hakuna kilichofanyika. Kaskazini mwa Uganda walianza kutoa dawa mara mbili kwa mwaka na kuweka dawa ya kuua funza wa nzi mtoni. Watoto wapya wa kutikisa kichwa wakapungua sana. Maridi, Sudan Kusini, ambako nzi walizaliana kwenye mkondo wa maji yanayomwagika kutoka bwawani, wanakijiji walishika panga wakafyeka majani yaliyoning'inia majini, maana ndiyo funza hushikilia. Nzi wakapungua.

Milango mingine

Usubi hauelezi Kilifi, ambako hakuna mnyoo huyo. Utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kwa watoto, matatizo wakati wa ujauzito na kujifungua pamoja na majeraha ya kichwa ndiyo yaliyojitokeza zaidi. Mtoto aliyekaa bila hewa dakika kadhaa kwa kuwa uchungu ulidumu usiku kucha na gari halikupatikana, anaweza kuanza kuanguka miaka baadaye, wakati hakuna tena anayekumbuka usiku ule.

Kuna malaria iliyopanda kichwani. Huko Kilifi, ambako Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) na Chuo Kikuu cha Oxford wamefanya kazi pamoja tangu 1989, watoto waliopona malaria ya namna hiyo walifuatiliwa miaka kadhaa baadaye. Karibu 9 katika kila 100 walikuwa na kifafa, ikilinganishwa na 2 hivi kwa wenzao ambao hawakuugua vile. Hapa kuna jambo la kusikitisha la kwetu: uchunguzi uliofanyika Bagamoyo miaka ya 1990 ulieleza jinsi wazazi walivyoiona degedege kuwa ugonjwa mbali na malaria, wenye tiba yake ya nyumbani na ya mganga. Saa zilizopotea hapo ni saa za ubongo.

Na kuna tegu wa nguruwe, ambaye wengi wetu tunamwelewa vibaya. Ukila nyama ya nguruwe yenye mabuu na isiyoiva, unapata tegu tumboni, ambaye hasumbui sana. Kifafa hakitokani na nyama hiyo. Kinatokana na kumeza mayai ya tegu yaliyotoka na kinyesi cha mtu mwenye tegu. Mayai huanguliwa, mabuu husafiri kwa damu na kujenga vifuko ndani ya ubongo. Kwa hiyo Mwislamu au Msabato ambaye hajawahi kuonja nguruwe anaweza kuupata kwenye kachumbari iliyoandaliwa na mikono isiyonawa. Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, ilipowapiga picha za kichwa wagonjwa wa kifafa, asilimia 18 hivi walionekana kuwa na dalili za vifuko hivyo.

Kifafa na afya ya akili

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, si wa akili kwa maana ya kichaa. Hata hivyo katika hospitali zetu nyingi mgonjwa wa kifafa hupangwa kliniki ya afya ya akili, na Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mwaka 2008 mpango wa kupeleka huduma za akili ngazi ya chini, lilikiweka kifafa humo humo. Sababu ni za kiutendaji: madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu ni wachache mno, wauguzi wa afya ya akili wapo hadi wilayani. Mimi nauona mpangilio huo una faida na hasara kwa wakati mmoja. Hasara ni baba anayekataa binti yake aliyefikia umri wa kuolewa aonekane kwenye foleni ile.

Faida ni kwamba mambo haya mawili kweli huandamana. Kilifi, watoto wenye kifafa walipochunguzwa tabia na hisia zao, karibu nusu walikuwa na matatizo ya kiwango cha kuhitaji msaada, wakati kwa watoto wengine wa eneo hilohilo ilikuwa kama robo. Sehemu ya hilo ni jeraha lilelile la ubongo linalozaa yote mawili. Sehemu nyingine ni maisha: kuachishwa shule, kutochezwa naye, kuogopa kuanguka mbele za watu. Na mtu aliyezama katika sonona husahau dawa, na akisahau dawa anaanguka zaidi.

Dawa ipo, damu haina

Fenobabito imetumika tangu 1912. Ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa za kutumia kila siku, na WHO hukadiria kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu yanayofaa. Basi watafiti wa Kilifi hawakuridhika kuwauliza wagonjwa kama wanameza, walipima damu. Matokeo yaliyochapishwa 2012 yalionyesha kwamba asilimia 62 ya wagonjwa hawakuwa wakipata tiba ipasavyo. Hilo si jambo dogo. Katika eneo hilohilo wenye kifafa walifariki kwa kiwango kinachozidi mara sita cha watu wengine, na kutomeza dawa kuliongeza hatari hiyo zaidi ya mara tatu. Zaidi ya nusu ya vifo vilitokana na kifafa moja kwa moja, hasa maanguko yasiyokoma.

Wengi wangesema tatizo ni imani, tuwaelimishe. Watafiti walilijaribu wazo hilo kwa haki: wagonjwa 738 waligawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja likapewa mafunzo, lingine likasubiri. Imani zilibadilika kweli. Watu walipunguza kukihusisha kifafa na mambo ya kimizimu. Lakini damu haikuonyesha tofauti ya umezaji dawa kati ya makundi hayo mawili.

Ukirudi kwenye utafiti ule wa 2012, uliotoa pia orodha ya mambo yanayoambatana na kukosa tiba, unaona kwa nini. Imani za jadi zimo kwenye orodha, ndiyo. Zimo pia kukaa zaidi ya kilomita 30 kutoka kituo cha afya, kulipia dawa mfukoni, na kuwa na ugonjwa kwa zaidi ya miaka kumi, muda wa kutosha mtu kukata tamaa. Ongeza kwamba fenobabito imo kwenye mkataba wa kimataifa wa dawa zinazodhibitiwa, kwa hiyo kuiagiza kunahitaji vibali na makaratasi ambayo dawa ya homa haiyahitaji. Mgonjwa anayekuta dirisha la dawa halina kitu hakosi tu dozi ya mwezi ule: kukatisha fenobabito ghafla kwaweza kuleta maanguko mfululizo, mabaya kuliko yale aliyoanza nayo. Mpango wa dunia wa kifafa na magonjwa mengine ya mishipa ya fahamu, wa 2022 hadi 2031, umeweka upatikanaji wa dawa kati ya malengo yake. Huko vijijini lengo hilo litapimwa kwa mambo mawili: kama vidonge vipo zahanati ya karibu, na kama vitakuwepo tena mwezi ujao.